Lake Pleasant ni tangi, na Julai si mwezi wake

Mhariri,

Makala yenu ya safari kuhusu Lake Pleasant, kaskazini-magharibi mwa Phoenix, Arizona, Marekani, imenifikia kwenye simu kutoka kwa binti yangu, ambaye kufikia wakati huo alikwisha kualika nusu ya ukoo. Imeandikwa kwa kalamu tamu, sikatai. Rangi ya maji imeelezwa vizuri, milima imeelezwa vizuri, hata kile kimya cha alfajiri kabla boti hazijaamka kimeelezwa kama kilivyo. Ila mwandishi amesema mambo mawili ambayo siwezi kuyaacha yapite. Kwanza, kwamba lile ni ziwa la asili lililojificha jangwani. Pili, kwamba mwezi mzuri wa kwenda na watoto kupiga kambi ni Julai, kwa kuwa shule zimefungwa. Kosa la pili limezaliwa na la kwanza, na ndilo litakalomuumiza mtu.

Mimi ni fundi bomba. Nimestaafu, na sasa kazi yangu ni kuwapeleka wajukuu kuogelea na kubishana na magazeti. Maisha yangu yote nimeshughulika na maji yaliyofungiwa mahali na kufunguliwa mahali pengine, na nilipofika Lake Pleasant mara ya kwanza niliyatambua. Yale ni maji ya tangi.

Mto uliozuiwa pale unaitwa Agua Fria, na ukiuona unapovuka barabara kusini ya bwawa, sehemu kubwa ya mwaka utaona mchanga na vichaka tu. Si mto wa kujaza ziwa la ukubwa ule. Bwawa la kwanza lilikamilika mwaka 1927 kwa ajili ya mashamba, chini ya mhandisi Carl Pleasant, na jina la ziwa limetoka kwake. Bwawa kubwa linaloonekana sasa, New Waddell, ni la tuta la udongo na mawe. Lilijengwa kuanzia 1985 hadi 1994, mbele kidogo ya lile la zamani kwa kufuata mto, na maji yalipopanda lile la zamani likazama na matao yake yote. Limo humo hadi leo, na boti zinapita juu yake.

Maji yenyewe yanatoka mbali. Yanatoka Mto Colorado, mpakani na California, kwa mfereji wa Central Arizona Project wenye urefu wa maili 336, karibu kilomita 540. Ujenzi wake ulianza 1973 na kumalizika 1993. Mwanzoni tu mwa mfereji huo, pale Lake Havasu, pampu huyanyanyua maji zaidi ya futi 800 hadi kwenye handaki lililotobolewa mlimani, ndipo yaanze safari ya kwenda Phoenix na Tucson. Fundi yeyote aliyewahi kupandisha maji ghorofa ya nne kwa pampu ya mkopo atanielewa nikisema nilipoyaona mabomba yale nilivua kofia.

Sasa sikilizeni utaratibu wake, kwa sababu hapa ndipo kambi yenu ilipo. Majira ya baridi mji hautumii maji mengi na umeme wa kuendeshea pampu hupatikana kwa urahisi. Wakati huo maji husukumwa kutoka mferejini kuingia Lake Pleasant. Joto likipamba moto, mambo yanageuka. Maji yanafunguliwa kurudi mferejini kwenda mijini na mashambani, na wakati wa kutoka huzungusha mitambo ileile iliyoyaingiza, safari hii yakizalisha umeme. Kwa hiyo ziwa hupanda Wazungu wakiwa wamevaa makoti, hufikia kilele chake majira ya Aprili na Mei, halafu huanza kushuka na kushuka wakati wote wa joto, hadi Oktoba ambapo ufuko umekwenda mbali na pale ulipouacha. Sisi watu wa pwani tumezoea maji yanayojaa na kupwa mara mbili kwa siku. Haya hujaa mara moja kwa mwaka na kupwa mara moja, na anayeyapwesha si mwezi wa mbinguni bali mtu aliyekaa mbele ya kompyuta na hesabu ya mahitaji ya mji.

Mtu atasema, basi na iwe tangi, mradi maji ni maji na mtoto anaogelea. Haiwi hivyo. Ziwa la asili limekaa mahali pake kwa maelfu ya miaka, na mawimbi yamekwisha kulitengenezea ufuko wenye mteremko wa pole. Bwawa halina ufuko. Lina ubavu wa mlima uliozamishwa. Mahali ulipoogesha watoto Mei, maji yakiwafika magotini juu ya tambarare ya changarawe, mwishoni mwa Julai tambarare ile iko juu imekauka, na ukingo wa maji umeteremka hadi penye genge. Mtoto anapiga hatua tatu, ya nne haipati chini. Kilima kilichokuwa kimezama salama mwezi wa tano, mwezi wa tisa kiko futi chache tu chini ya uso wa maji kinasubiri propela ya mtu. Matope yaliyokaa chini ya maji miezi yote ile yanatokeza ukingoni yakiwa na ganda kavu juu na uji ndani, na hapo ndipo unapoona magari ya watu yamezama hadi kwenye ekseli, baba mwenye nyumba akichimba kwa sahani. Kupiga kambi ufukweni kunaruhusiwa katika sehemu kadhaa za hifadhi ile, gari likiwa karibu, na ni raha kweli. Lakini kabla ya kuteremka na gari, teremka kwa miguu. Kama kisigino kinazama, gari litazama.

Na mkiteremka kwa miguu, vaeni viatu, hata majini. Bomba linaloleta maji huleta na visivyoagizwa. Januari 2007 kome wadogo waitwao quagga, wageni kutoka upande wa Ulaya Mashariki, waligunduliwa Lake Mead, tangi jingine kubwa juu ya Mto Colorado, na kwa kuwa maji ni yaleyale ya Colorado hawakukawia kufika Lake Pleasant. Wanajibandika kwenye mawe, kwenye minyororo, ndani ya mabomba (fundi ndani yangu hulia), na maji yakishuka magamba yao hubaki ufukweni yakiwa makali kama wembe. Ndiyo sababu kila boti inayotoka lazima izibuliwe kizibo na kumwagwa maji yote. Ni sheria ya Arizona, na msimkasirikie mlinzi anayekagua. Safisheni boti, imwageni maji, ianikeni. Samaki wengine nao wameletwa na mfereji huohuo: striped bass, mwenye mistari ubavuni, hakuwa wa Agua Fria. Huyo angalau analiwa. Leseni ya uvuvi inahitajika kwa kila mwenye umri wa miaka 10 na zaidi, na mjukuu wangu mmoja alikasirika sana kugundua kwamba siku yake ya kuzaliwa ilikuwa imemgharimu.

Narudi kwa Julai. Nadhani mwandishi wenu alikwenda Aprili akaandika Julai, kwa maana hakuna mtu aliyelala ndani ya hema jangwani pale Julai kisha akampendekezea mwenzake. Mwaka 2023 Phoenix ilipata siku 31 mfululizo ambazo joto lilifika au kupita nyuzi 43 za Selsiasi. Hiyo ni mchana. Mwezi huohuo zilipita siku 16 mfululizo ambazo hata usiku wa manane joto halikushuka chini ya nyuzi 32. Hema ni mfuko. Usiku kama huo hewa haitembei, jiwe lililolala jua mchana kutwa linakupumulia mgongoni, na mtoto mdogo hawezi kukuambia kwamba kichwa kinamzunguka, atanyamaza tu. Wilaya ya Maricopa, ambamo Phoenix imo, ilihesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto mwaka ule. Wengi hawakuwa watalii. Wengi walikuwa watu wasio na makazi na wazee wasio na kipooza hewa kinachofanya kazi. Lakini mwili ni mwili, na familia iliyokwenda kwa hiari kulala mahali pasipo umeme haina ubishi na jua.

Maji nayo yanadanganya. Watu huona, aa, joto likizidi tutaingia majini. Ukiwa ndani ya maji hadi kifuani huwezi kuhisi jasho wala kiu, na jua linapiga mara mbili, mara kutoka juu na mara kutoka kwenye uso wa maji. Watu hutoka majini saa nane mchana wakiwa wamekauka kuliko walioshinda kivulini. Chukueni maji ya kunywa, lita nne kwa kila mtu kwa siku, na nyongeza, na myanywe kabla ya kiu. Soda si maji. Bia ndiyo kabisa, na kuendesha boti umelewa ni kosa lenye kiwango kilekile cha ulevi kinachomfunga dereva wa gari.

Kisha kuna upepo, na hili makala haikuligusa hata kwa neno moja. Kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Septemba ni msimu wa mvua za radi huku. Asubuhi maji yametulia kabisa. Alasiri wingu linasimama nyuma ya milima, huenda mvua yenyewe inanyesha mbali sana na ulipo, lakini upepo wake unakuja mbele na kufagia bwawa zima, mara nyingine ukiwa na ukuta wa vumbi. Nimeshuhudia uso wa maji ukigeuka mawimbi yenye povu kwa muda wa kula ndizi mbili. Sasa mtazame yule kijana aliyejilaza juu ya godoro la kupulizwa, lile lenye umbo la nanasi, amefumba macho. Godoro lile ni tanga. Upepo unalichukua hadi katikati, anaogopa, anaruka ili aogelee kurudi, godoro linakwenda zake na yeye anabaki kwenye kina kirefu akiwa amechoka. Kijana wa jirani yangu alichukuliwa hivyo hivyo. Waliokuwa na boti walimwona, na alikuwa amevaa jaketi okozi kwa sababu mama yake ni mwanamke asiyekubali mjadala. Alikuwa akiona aibu kuvaa mbele ya wasichana. Siku hizi haoni.

Kwa hiyo jaketi. Sheria ya Arizona inataka kila mtu aliye kwenye boti awe na jaketi linalomtosha, na watoto wa miaka 12 na chini walivae muda wote chombo kinapokwenda. Hicho ni kiwango cha chini cha sheria, si kiwango cha akili. Nyumbani kwetu anayekanyaga maji amevaa, mtu mzima kwa mtoto, anayejua kuogelea na asiyejua. Msitegemee kwamba kuna mwokoaji amekaa juu ya kiti kirefu na filimbi. Hakuna. Na jaketi la mtu mzima kwa mtoto ni mtego, maana linapanda juu na yeye anateleza chini. Mvalishe, mshike mabegani mwa jaketi, mnyanyue. Likimpita masikioni, hilo si lake. Mikono ya kupuliza ya plastiki, ile ya rangi ya chungwa, iacheni kwenye bwawa la hotelini.

Hatari nyingine haina rangi wala harufu. Boti ikiwa imesimama na injini inanguruma, au inakwenda polepole, hewa ya kaboni monoksaidi hujikusanya nyuma, pale pale kwenye ngazi ya kuogelea ambapo watoto hupenda kuning'inia na kuburuzwa. Mtu hulegea bila kupiga kelele, anaachia, anazama. Wanaotazama hudhani amezama kwa kutojua kuogelea. Zimeni injini kabla mtu yeyote hajashuka nyuma. Nimelieleza hili kwa watu wenye boti za bei kubwa kuliko nyumba yangu nao wakalisikia kwa mara ya kwanza.

Basi mwende lini? Kalenda ya tangi inajibu, ila inategemea mnachokitaka. Mwenye boti, mwenye kayaki, anayetaka kuingia kwenye vikorongo vya kaskazini ambako maji hupenya katikati ya miamba, aende Machi na Aprili. Ziwa limejaa, mchana ni wa kupendeza, maua ya manjano ya miti ya palo verde yameanza kufunguka, na mteremko mkubwa wa kushushia boti, wenye njia kumi, hauna ugomvi siku za kazi. Lakini maji wakati huo bado ni ya baridi. Hayo ni ya majira ya baridi yaliyowekwa akiba. Anayejitupa ghafla hushtuka, anavuta pumzi bila kutaka, na kama kichwa kiko chini anavuta maji. Ingieni taratibu, na tena mmevaa lile vazi nililolitaja.

Anayetaka kuogelea na kulala kwenye hema aende Oktoba. Ziwa limeshuka, ndiyo, na ufuko hauna sura nzuri ya kupiga picha, una mkanda wa udongo mkavu hadi kwenye maji. Lakini maji yamehifadhi joto la miezi yote iliyopita, usiku umepoa, upepo wa radi umekwisha kwenda zake, na watu wengi wamekwisha kulichoka ziwa. Mimi huipenda Oktoba kuliko mwezi mwingine wowote, na sababu moja ni kwamba maji yakiwa chini unaona jinsi kitu kilivyojengwa. Wake wa mafundi huvumilia mengi.

Desemba na Januari ni za kupiga kambi bila kuogelea. Jangwa lile hupoa sana usiku, chukueni mablanketi halisi. Kuanzia katikati ya Desemba sehemu fulani za ziwa hufungwa kwa ajili ya tai weupe kichwani wanaotaga na kulea, na maboya huwekwa kuonyesha mpaka. Msiuvuke mpaka kwa sababu ya picha.

Kuhusu mahali pa kulala sina mengi. Kuna viwanja viwili vilivyotengenezwa, Roadrunner na Desert Tortoise, vyenye meza, maji ya bomba na umeme kwa sehemu nyingi, na huwekwa nafasi mapema kwa intaneti. Wenye watoto wadogo au wazee waende huko kwanza, wauache ufuko kwa safari nyingine. Ardhi ni ngumu, vigingi vyembamba vinavyokuja na hema hupinda kigingi cha kwanza hadi cha mwisho. Nunueni vya chuma na mchukue nyundo. Msipige hema kwenye korongo kavu hata kama lina mchanga laini na kivuli cha mti wa mesquite. Ulaini ule umeletwa na mafuriko. Mvua ikinyesha milimani, maji hushuka kwenye korongo lile juu yako kukiwa na nyota. Arizona imechoka kuokoa watu wa aina hiyo kiasi kwamba tangu 1995 ina sheria ya kumlipisha gharama za uokoaji dereva anayepita kizuizi na kuingia kwenye barabara iliyofurika.

Nge wapo. Kung'uteni viatu asubuhi. Ukipata tochi ya miale ya urujuanimno, washa usiku uone wanavyong'aa kijani. Wajukuu wangu hawataki katuni tena. Kuna nyoka mwenye njuga mkiani, naye akikulilia ni kwamba anakuomba upite mbali, basi pita mbali. Kuna mmea uitwao cholla ambao vipande vyake hukurukia kana kwamba vina deni nawe. Msivute kwa mkono. Chukueni chana, ipitisheni kati ya kipande na ngozi, kirusheni. Chana ya plastiki ya kawaida, ndicho kifaa cha huduma ya kwanza ninachokitumia kuliko vyote. Na ile miti mirefu yenye mikono, saguaro, huchukua miaka 50 na zaidi kabla ya kutoa mkono wa kwanza. Kuikata au kuichora jina la mchumba ni kosa la jinai.

Na mtaona punda. Makala imewaita ‘farasi wadogo wa mwituni’. Mhariri, ni punda. Asili ya punda wote wa kufugwa ni Afrika ya kaskazini-mashariki. Hawa mababu zao waliletwa kubeba mizigo ya wachimba madini, migodi ikafungwa, wakaachwa, wakazaana. Tangu 1971 wanalindwa na sheria ya shirikisho. Hushuka jioni kunywa maji, na usiku wa kwanza mmoja alipolia nyuma ya hema letu nilicheka peke yangu gizani hadi mama watoto akaniuliza kama naumwa. Msiwalishe. Punda aliyezoea mkate husogelea barabara, na barabara ile ina watu wanaoburuta boti kwa kasi.

Lingine ni picha mliyochapa. Ile miamba yenye mkanda mpana mweupe, na minara ya zege iliyosimama majini, si Lake Pleasant. Hiyo ni Lake Mead, nyuma ya bwawa la Hoover, mwendo wa zaidi ya saa nne kwa gari. Mkanda mweupe ni chumvi za madini zilizoachwa na maji yaliposhuka. Julai 2022 Lake Mead ilishuka hadi kama futi 1,040 juu ya usawa wa bahari, kiwango cha chini kuliko vyote tangu ilipokuwa ikijazwa mara ya kwanza mwaka 1937, na mteremko mmoja baada ya mwingine wa kushushia boti ukafungwa kwa kuwa zege iliishia kwenye tope. Mwaka huohuo Arizona ilipunguziwa maji ya Colorado kwa futi-ekari 512,000 (futi-ekari moja ni maji ya kufunika ekari moja kwa kina cha futi moja), yaani kama asilimia 18 ya mgao wake. Yale ndiyo maji yanayopitia mfereji niliousema. Sisemi Lake Pleasant litakauka kesho. Nasema kalenda niliyoitoa ni ya mfereji wenye maji ya kutosha, na majimbo saba yanayogawana mto ule bado yanavutana juu ya kanuni za kugawana maji za kufuata baada ya zile za 2007 kufika mwisho wake 2026. Kabla ya kufunga safari angalieni kiwango cha maji cha wiki hiyo. Huchapishwa hadharani, kila siku, na hakuna sababu ya kwenda kwa kubahatisha.

Naomba basi masahihisho yachapwe kabla ya shule kufungwa, mahali palepale makala ilipokaa, si chini ya matangazo ya mazishi. Binti yangu amesogeza mwaliko wake hadi Oktoba na ukoo umenuna. Kama nafasi ni finyu, Mhariri, kateni habari za pampu, kateni na punda, hata mimi nikiumia. Bakizeni mwezi, upepo na jaketi.

Wasalaam,
Fundi bomba mstaafu
Phoenix, Arizona